Chumvi ya Pwani na Tezi Isiyoshuka: Sura ya Historia ya Tiba katika Kaole na Bagamoyo

Kaole, kijiji kilichopo kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, kimeingia katika vitabu vya historia kwa sababu ya magofu yake, yaani misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, ambayo mkongwe wake hukadiriwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi yenye minara ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachunguza mwaka 1958. Historia hiyo ya mawe, dini na biashara imeandikwa sana, na inastahili kuandikwa. Lakini pwani hiyohiyo inayo historia nyingine ambayo haijapewa nafasi yake, nayo ni historia ya chumvi iliyoanikwa nyuma ya mikoko na ya tezi ndogo ya shingoni ambayo afya yake, pasipo mtu kujua kwa karne nyingi, ilitegemea kitu ambacho chumvi hiyo haikuwa nacho. Njia mojawapo ya kuisoma historia hiyo ni kuanzia kwenye ukingo wake, katika ugonjwa adimu ambao madaktari wengi humaliza kazi yao bila kuuona: saratani inayoota katika nyama ya tezi iliyobaki kwenye shina la ulimi, mahali ambapo haikupaswa kuwa.

Tezi inayohusika ni ile inayoitwa thairoidi, ambayo hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ikiwa na mabawa mawili yaliyoukumbatia mrija wa pumzi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazosafirishwa na damu na kuamuru kasi ya mwili mzima: joto lake, mapigo ya moyo, ukuaji wa mifupa na, kwa mtoto aliye tumboni, ukuaji wa ubongo. Malighafi ya homoni hizo ni aiodini, ambayo Watanzania wamezoea kuiita madini joto, na mwili hauna uwezo wa kuitengeneza wenyewe bali huipata katika chakula na maji. Inapopungua, ubongo huiamrisha tezi ifanye kazi zaidi, na tezi, katika kuhangaika kunasa kila chembe inayopita, hunenepa hadi shingo ikavimba. Uvimbe huo ndio rovu, ambao hospitalini huitwa goita.

Jambo ambalo halikufahamika mpaka wataalamu walipoanza kuchunguza viinitete, yaani viumbe vya mwanzo kabisa vya mimba, ni kwamba tezi hii haianzii shingoni. Katika wiki ya nne ya mimba huchipuka kwenye sakafu ya kinywa kinachoumbika, pale patakapokuwa shina la ulimi, kisha hushuka taratibu mbele ya koo mpaka ifikapo makao yake kufikia wiki ya saba, ikiacha nyuma kishimo kidogo juu ya ulimi ambacho kila mtu anacho hadi leo. Mara chache safari hiyo haifanyiki, na tezi yote au sehemu yake hubaki ilipozaliwa. Makadirio ya kitabibu huweka hali hiyo kuwa ya mtu 1 katika kila watu 100,000 hadi 300,000, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na karibu asilimia 90 ya tezi zote zilizokaa pasipo pake hupatikana kwenye ulimi. Wengi wanaishi nayo bila kujua. Wengine, hasa wakati wa kubalehe au wa ujauzito, ambapo mwili hudai homoni zaidi na tezi kulazimika kukua, huanza kuhisi kitu kimekwama kooni, sauti hubadilika, kumeza kunakuwa kazi, usiku hukoroma, na pengine hutema damu.

Maelezo ya kwanza yanayotajwa na waandishi wa tiba ni ya daktari Hickman wa Uingereza, ambaye mwaka 1869 aliandika habari za kichanga kilichokufa kwa kukosa hewa saa chache baada ya kuzaliwa, kwa sababu ya uvimbe uliokuwa kwenye shina la ulimi. Mwaka mmoja kabla ya hapo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni yao Bagamoyo, na mji ulikuwa umejaa wapagazi waliotoka Unyamwezi na pembe za ndovu. Kuziweka tarehe hizi pamoja kunasaidia kuona kwamba elimu ya tezi hii ni changa mahali popote duniani, si pwani ya Afrika Mashariki peke yake, na kwamba mganga wa Kaole wa zama hizo hakuwa nyuma sana ya mwenzake wa London katika jambo hili; wote wawili walikuwa hawajui tezi ni ya nini.

Gharama ya kutokujua huko ilionekana wazi katika kazi ya Theodor Kocher, daktari mpasuaji wa Bern nchini Uswisi, nchi ya milima iliyokuwa na rovu kwa wingi. Kocher alikuwa hodari wa kuondoa tezi yote bila mgonjwa kufa mezani, lakini mwaka 1883 alitoa taarifa ya kusikitisha kwamba wengi wa wale aliowaondolea tezi nzima walikuwa wamegeuka watu wazito, waliovimba nyuso, wenye kusahau na kuhisi baridi daima, na watoto miongoni mwao walidumaa. Uaminifu wake wa kukiri madhara ya kazi ya mikono yake mwenyewe ulifungua mlango wa kuelewa tezi ni ya nini, na mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Funzo hilo linaihusu tezi ya ulimini moja kwa moja, kwa kuwa katika takriban asilimia 70 ya wenye hali hiyo nyama ile ya nyuma ya ulimi ndiyo tezi pekee waliyo nayo mwilini. Daktari anayeikata akidhani ni uvimbe wa kawaida, bila kwanza kupima kama shingoni kuna tezi nyingine, humfanya mgonjwa awe tegemezi wa vidonge vya homoni maisha yake yote, na pale vidonge visipopatikana humtia katika hali ileile ya wagonjwa wa Kocher. Habari za saratani kuota katika nyama hiyo huhesabiwa kuanzia mwaka 1910, katika taarifa ya Rutgers, na tangu hapo imebaki kuwa adimu ndani ya adimu: chini ya asilimia 1 ya tezi za ulimini hugeuka saratani.

Katika pwani ya Bagamoyo matatizo ya koo yalikuwa na tafsiri yake na tiba yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin na ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameacha kumbukumbu ya thamani kubwa juu ya waganga, dawa na maradhi kama yalivyoeleweka na watu wa pwani wenyewe, na kila anayetaka kuandika historia ya tiba ya eneo hili hana budi kuanza kwake. Miongoni mwa tiba zilizoenea Tanzania, pwani na bara, na ambazo hazijatoweka, ni kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho hulaumiwa kwa kikohozi kisichoisha, kwa kutapika, kwa mtoto kukataa kunyonya na kwa kuhisi kitu kooni. Daktari J. J. Manni aliiandikia desturi hiyo makala mwaka 1984, na madaktari wa watoto wameendelea kupokea waliotokwa na damu nyingi au kupata maambukizi baada ya kukatwa. Haifai kuidharau desturi hiyo kana kwamba ilizuka bila sababu, kwa maana ilitokana na kuangalia: mtu mwenye shida kooni akifungua kinywa, kinachoonekana kwanza ni kimio, ilhali shina la ulimi limejificha chini ya upeo wa macho na halionekani bila kioo cha mpini mrefu au kamera nyembamba ya kisasa. Dalili za tezi ya ulimini ni zilezile ambazo kwa vizazi vingi zimepelekwa kwa fundi wa kimio, na kimio kikishakatwa bila nafuu, mgonjwa huanza safari ya dawa nyingine huku uvimbe wenyewe ukiwa haujatazamwa na mtu.

Hata hivyo sehemu kubwa ya historia ya tezi hii haikuandikwa katika vyumba vya upasuaji bali katika majaruba ya chumvi. Wenyeji wa pwani hii, Washomvi wakiwamo, walijipatia riziki kwa uvuvi, kwa kutengeneza chumvi na kwa kubadilishana bidhaa na Wazaramo na Wadoe wa upande wa bara. Chumvi ilipatikana kwa kuchemsha maji ya bahari au kwa kuyaacha yakauke juani, na njia hii ya pili ndiyo iliyoendelezwa kuwa mashamba makubwa, kama yale ya Nunge karibu na mdomo wa mto Ruvu na yale ya Saadani upande wa kaskazini. Kazi yake hufuata mwezi na msimu. Maji ya bamvua, yanapojaa kupita kiasi cha siku nyingine, huingizwa kwa mifereji katika bwawa la kwanza, hupumzishwa humo yatulize tope, kisha huhamishwa kutoka jaruba hadi jaruba kadiri jua na upepo vinavyoyapunguza na kuyazidishia ukali, mpaka katika jaruba la mwisho chumvi inapoanza kugandamana chini kwa punje. Hapo wafanyakazi huingia na reki, wakaikokota hadi ukingoni, wakairundika ichuje maji machungu yaliyobaki, na mvua moja isiyotarajiwa yatosha kuyeyusha jasho la wiki nzima.

Palikuwapo imani, ambayo hata baadhi ya wataalamu waliishiriki, kwamba anayeishi karibu na bahari na kula chumvi yake hawezi kupungukiwa na madini joto, kwa kuwa bahari ndiyo hazina yake. Sehemu ya pili ya imani hiyo ni kweli, kwani Bernard Courtois wa Ufaransa aliyeigundua aiodini mwaka 1811 aliipata katika majivu ya mwani. Sehemu ya kwanza si kweli, na hesabu ndogo yatosha kuionyesha. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi lakini aiodini isiyozidi kiasi cha mikrogramu 60, mikrogramu moja ikiwa ni sehemu ya milioni ya gramu. Hata kama aiodini yote ingebaki katika chumvi wakati wa kukauka, na kwa hakika nyingi hupotea hewani au huondoka na maji machungu yanayochujwa, mtu anayekula gramu 10 za chumvi kwa siku asingepata zaidi ya mikrogramu 17, ilhali mtu mzima anahitaji 150 na mjamzito 250. Samaki na dagaa wa baharini wanayo, lakini si kila nyumba ya pwani hula samaki kila siku, na muhogo, ambao ni chakula kikuu katika vijiji vingi vya pwani, unapotayarishwa pasipo kulowekwa na kukaushwa vizuri huacha kemikali zinazoizuia tezi kunasa aiodini, jambo lililothibitishwa na utafiti wa Ermans na Delange uliohusisha kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Kwa hiyo chumvi ya pwani iliyopandishwa bara, hata ingefika katika nyanda za juu kwa wingi kiasi gani, isingemponya mtu rovu.

Ukubwa wa tatizo huko nyanda za juu ulijulikana kwa takwimu baada ya uhuru. Michael Latham, daktari aliyezaliwa Kilosa na kuongoza kitengo cha lishe katika Wizara ya Afya ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1965 matokeo ya uchunguzi wake katika Ukinga, kusini-magharibi mwa nchi, yaliyoonyesha kwamba watu 3 katika kila 4 walikuwa na rovu. Mvua za milimani, ambazo kwa maelfu ya miaka zimeosha udongo na kupeleka aiodini baharini, zilikuwa zimewaachia wakulima wa huko mashamba yenye rutuba na shingo zilizovimba. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilipanua uchunguzi huo nchi nzima, ikakuta katika miaka ya 1980 kwamba karibu robo ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na rovu. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye aiodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, hatua nzuri lakini ya muda, kwa sababu vidonge hudai gari, bajeti na mgawaji kila mara, ilhali chumvi huingia yenyewe katika kila chungu. Sheria na kanuni za mwaka 1994 ziliamuru hatimaye kwamba chumvi yote ya kuliwa iwekwe madini joto.

Ndipo majaruba ya pwani yalipogeuka kuwa sehemu ya tiba. Unga wa aiodeti ya potasiamu, uliochaguliwa kwa kuwa hustahimili joto na unyevu wa nchi za kitropiki, huyeyushwa katika maji na kunyunyiziwa juu ya chumvi, katika mashamba makubwa kwa mashine, na kwa wazalishaji wadogo kwa pampu ya mgongoni kama ile ya kunyunyizia dawa ya mimea, huku mwingine akiigeuza chumvi kwa koleo ili dawa isibaki upande mmoja. Upimaji wa haraka ni wa kudondosha tone la kimiminika chenye wanga juu ya kijiko cha chumvi na kutazama kama itageuka rangi ya samawati iliyokolea. Ikibaki nyeupe, haina kitu. Kipimo kinachopendekezwa kimataifa ni miligramu 20 hadi 40 za aiodini kwa kila kilo ya chumvi, kiasi kidogo ambacho ulimi hauwezi kukionja, na ambacho kama pampu imeziba au kazi imefanywa kwa haraka hakuna mlaji atakayegundua. Matokeo yalikuwa makubwa kwa kipimo chochote: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004, uliochapishwa na Vincent Assey na wenzake mwaka 2009, ulikuta rovu limeshuka hadi asilimia 6.9, na chumvi yenye madini joto ikiwa katika takriban asilimia 84 ya kaya.

Pwani, iliyoitoa sehemu kubwa ya chumvi hiyo, haikuwa ya kwanza kunufaika. Utafiti mwingine wa Assey na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, uliuliza swali ambalo watu waliona halina haja, yaani kama visiwa vya Zanzibar, vilivyozungukwa na bahari pande zote, vina upungufu, na ukakuta rovu kwa asilimia takriban 21 ya watoto wa shule Unguja na 32 Pemba, ambako chumvi yenye madini joto ilikuwa imefika katika asilimia kama 1 tu ya kaya. Sababu ni ya kibinadamu kabisa: mtu aliye jirani na jaruba hununua chumvi ya mawe palepale kwa bei ndogo, kabla haijanyunyiziwa, wakati mtu wa Ukinga kule nyanda za juu hununua iliyopita kiwandani. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya imani ya kwamba bahari ni kinga.

Haya yote yanairudia tezi ya ulimini kwa njia mbili. Kwanza, nyama ya tezi hutii amri ileile popote ilipo, hivyo upungufu wa madini joto unaonenepesha shingo ya mtu mmoja hunenepesha shina la ulimi la mwingine. Pili, aina ya saratani hufuata chumvi. Saratani za tezi hii zilizo za kawaida ni mbili, ya papilari, ambayo chembe zake hujipanga kama vidole vidogo na hupendelea kuenea kwenye mitoki, na ya folikuli, ambayo huiga vifuko vidogo vya tezi yenyewe na hupendelea kusafiri kwa damu hadi mifupani na mapafuni. Penye upungufu wa madini joto sehemu ya folikuli huwa kubwa zaidi, na chumvi ikishawekwa madini joto papilari huongezeka kwa uwiano. Mtaalamu wa maabara anayechungulia kipande cha uvimbe kwa darubini anatazama, pamoja na ugonjwa wa mtu mmoja, alama ya chumvi iliyoliwa katika nchi.

Matibabu nayo yamejengwa juu ya tabia hiyohiyo ya tezi. Baada ya upasuaji, ambao kwa shina la ulimi hupitia kinywani au chini ya taya, mgonjwa anaweza kupewa aiodini yenye mionzi, tiba iliyoanza kutumiwa na Saul Hertz wa Boston mwaka 1941 kwa tezi zinazofanya kazi kupita kiasi, na iliyoripotiwa kwa saratani mwaka 1946 na Seidlin na wenzake wa New York; chembe za tezi, hata zilizotoroka, huinasa aiodini hiyo kwa mazoea yao na kuangamizwa nayo. Ili zisikatae kwa kushiba, mgonjwa huagizwa kwa wiki moja au mbili kabla ya dozi asile chumvi yenye madini joto. Nchini Tanzania tiba ya nyuklia hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake la zamani lilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1897, na hospitali ambayo leo ni Muhimbili ina ukoo wake pia katika fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyegharimia hospitali ya Waafrika na Wahindi Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo, na ambaye jina lake bado limo katika jengo la wagonjwa hapo.

Sewa Haji anakumbukwa, na ni haki. Wafanyakazi wa majaruba ya Nunge, Saadani na kwingineko katika pwani hii, ambao kwa pampu za mgongoni waliteremsha rovu la nchi nzima, hawana hata ubao wenye majina yao. Waandishi wa historia ya Bagamoyo, ambao wamewafuata wapagazi, wamisionari na madiwani kwa uangalifu mkubwa, wanaombwa wawafikie wafanyakazi hao na kuandika maneno yao wangali hai. Na akina mama wa Kaole na vijiji jirani wanaombwa, kabla ya kununua chumvi ya mawe ya jarubani, waulize kwanza kama imewekwa madini joto.